Mama Mawe na Wadudu wa Mikia Mitatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Mawe aliingia chumba cha pili, akakung'uta shuka la kitanda ambacho hakuna aliyekilalia, akanyoosha blanketi na kufungua dirisha. Jirani yake, mwanamke asiyeacha neno limpite, alimsikia kupitia ukutani.

"Mgeni wako hajaamka tu?"

"Mwache alale, safari ilimchosha."

Walicheka wote wawili, ila mmoja alicheka kwa meno tu.

Kitanda kilikuwa cha binti yake na mjukuu wake. Mtoto alikunywa maji ya mtoni, akaharisha hadi macho yakazama, na alipopona mama yake alimbeba mgongoni akaenda naye kwa wakwe, huko juu mto unakoanzia, mahali gari halifiki. "Mama, twende sote," binti alisihi. Mama Mawe akagoma. Si ndiye aliyekuwa akiupima mto wenyewe? Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimeshaanza kuchimba mabwawa ya kusafishia maji yake machafu, na kingo zilikuwa zimepandwa miti. Mto utapona, alisema, nanyi mtarudi.

"Ukipona nitarudi hata kwa miguu," binti akasema, akaenda zake.

Jina la Mama Mawe lilitoka kazini, kwenye ofisi ya kupima maji ya mto. Wenzake waliamini chupa na vipimo. Yeye aliamini mawe. Aliingia majini na mabuti yake, akageuza jiwe, akatazama nani anaishi chini yake. Aliowatafuta ni wadudu wadogo wa mikia mitatu, wanaoshika jiwe kama mtoto anavyoshika gauni la mama. Hao hawakai kwenye maji machafu. Dereva wa ofisi, aliyekuwa pia mshika wavu wake, alisema wana tabia za mawifi: harufu ikibadilika kidogo tu, wamefunga mizigo. Mtoni juu walijaa. Chini ya daraja la kiwanda hakuwa amemwona hata mmoja tangu nyumba yake iwe kimya.

Basi siku moja walikuwa wamemaliza kupima juu, dereva akielekea kuwasha gari. Mama Mawe alikuwa ameinama awarudishe wadudu majini kama ilivyo kawaida. Mkono ukasita. Wapo wengi hivi, akawaza, na kule chini nyumba zao ziko tupu. Pengine wanachokosa ni wa kuwatangulia tu. Akawatia ndooni pamoja na majani mabichi, akafunika kwa mtandio.

"Unabeba nini tena, dada?"

"Mboga."

Jioni ile ile, peke yake, aliwapanga chini ya mawe ya darajani, mmoja mmoja, kama anayelaza watoto.

Asubuhi aliamka na maumivu ya mgongo, akachelewa. Alipofika darajani alimkuta dereva kavua hata shati, maji magotini, anapiga kelele kama aliyeokota dhahabu.

"Mama Mawe! Wamerudi! Mikia yote mitatu, nimehesabu mwenyewe!"

"Kaka, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Kipimo kinakataa, kinasema maji hayana hewa, lakini hiki nacho kimezeeka." Akakitikisa, akakitupa kwenye nyasi. "Mwanao nimeshampigia. Mimi ndiye niliyemkimbiza na yule mtoto hospitali, haki yangu kumpa habari. Anakuja Jumamosi!"

Simu ililia papo hapo. Ilikuwa sauti ya mjukuu, imekua, ina maneno mengi kuliko alivyoisikia mara ya mwisho.

"Bibi! Mama anasema nitaogelea!"

Mama Mawe alipeleka simu mbali na sikio, akainama, akageuza jiwe. Waliokuwa chini yake walikuwa wamelegea, wamepauka kama majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Akageuza la pili. Wawili walikuwa bado wanachezesha mikia, polepole, wakitafuta pumzi. Wengine maji yalikuwa yakiwabeba tu.

Aliweza kukiona kigauni cha mjukuu wake, na miguu ile midogo ikiingia hapa.

"Mpe mama simu, mpenzi wangu." Akangoja. "Mwanangu, usije. Mto haujapona. Niliwaleta mimi kutoka juu."

Jogoo aliwika upande wa pili wa simu.

"Ulitudanganya, mama?"

"Sikutaka kudanganya. Nilidhani watazoea."

"Hata wadudu, mama?" Sauti ya binti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma. "Hata wadudu unawalazimisha waishi hapo kwa sababu wewe unapapenda?"

Dereva alikuwa amesikia. Alivaa shati taratibu, akaokota kipimo kwenye nyasi, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Ungeniambia, dada," alisema. "Na mimi nilitaka sana iwe kweli."

"Andika hakuna kitu. Andika wamekufa, nimewaua mimi."

"Ofisini watakuuliza."

"Waambie ukweli, usinitetee." Alikaa kwenye jiwe, akavua mabuti ya kazi, akayasimamisha kando ya ndoo, akavaa ndala zake. "Mto huu utapona, kaka. Ila mimi nilikuwa nikiungoja uniletee watu wangu, na wenyewe wako juu, siku zote hizi wako juu tu."

"Sasa unakwenda wapi? Gari hili hapa, nikufikishe lami inapoishia."

"Wewe una chupa za kujaza."

"Unarudi lini?"

Mama Mawe alipanda ukingo kwa kushika miti michanga, akaipita ofisi bila kuingia, akaupita ukuta mrefu wa kiwanda, akashika kijia kinachofuata maji kwenda juu. Dereva alimtazama hadi mtandio wake ukapotea nyuma ya matete. Mama Mawe hakugeuka, wala hakurudi.