Jina la Nyanya wa Kangema

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha ndiyo ninayoikumbuka kwanza, ile harufu nzito, tamu na chungu kwa pamoja, iliyopanda kutoka kiwandani kando ya mto kila Desemba na kuingia mpaka ndani ya blanketi. Asubuhi hiyo ilikuwa imechanganyika na ukungu. Mama alituamsha mapema, akanivalisha sweta ya shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa, akamfunga mdogo wangu kamba za viatu mara tatu kwa sababu mara mbili alizifungua, kisha akachukua kikapu na kutoka. Tulipofika langoni nilimuuliza tunaenda wapi. "Twende tu," alisema, bila kugeuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu sita, na mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Tangu wakati huo nimeondoka hivyo mara nyingi. Niliacha shule darasa la saba, nimeosha vyombo Karatina, nimechuma chai Kangema, nimeuza vitunguu Naro Moru, na kila nilipochoka na mji nilichukua mfuko wangu asubuhi na kufuata barabara. Lakini safari hiyo ya kwanza haikutokana na kupenda njia. Tulikuwa tunakimbia, ingawa kwa hali ya mama tulitembea polepole.

Kwetu Tetu, upande wa Giakanja, mtoto hatafutiwi jina. Jina lina mwenyewe tayari, linamngoja. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama. Ndiyo maana mimi ni Nyambura, kama nyanya yangu tuliyeishi naye boma moja na tuliyemwita Cucu. Baba alipokuwa na furaha aliniita Mami, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa, na Cucu aliniita wajina. Mdogo wangu aliitwa Wairimu, jina la mama mzazi wa mama, mwanamke wa Kangema aliyekuwa amekwisha kufa tulipozaliwa. Watu wa kwetu waliamini kwamba jina haliji peke yake. Mtoto huja na mwendo wa mwenye jina, hasira zake, hata namna yake ya kushika jembe, na watu wazima hufurahi kuyaona hayo na kucheka. Kwa Wairimu hakuna aliyecheka.

Hakuwa akisema. Alikuwa na mvumo kooni, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo, na mvumo huo ulipanda au kushuka kulingana na alivyojisikia. Alikula viazi vitamu tu, kwenye bakuli la buluu tu. Mashine ya kusaga unga ilipowashwa pale sokoni, alijiziba masikio na kulala chini hapo hapo alipo, hata kama ni matopeni. Angeweza kukaa kutwa nzima akipanga mbegu za maharagwe katika mstari ulionyooka kuanzia mlangoni hadi kwenye banda la ng'ombe, na ukiisogeza moja aliijua. Neno moja tu lilimfikia, nalo lilikuwa jina lake. Ukisema "Wairimu", hata kwa sauti ya chini, alisimama na kuja.

Habari za yule nyanya wa Kangema tulizijua kwa sababu mama mwenyewe alizisimulia zamani, kabla hajajua kwamba zingemgeukia. Alichuma chai bila kumjibu mtu mpaka amalize safu. Alijua siku ya juma aliyozaliwa kila mtu kijijini. Mvua ilipobeba daraja, aliendelea kwenda kwa njia ile ile kila asubuhi, akasimama ukingoni, kisha akarudi nyumbani. Cucu aliyakusanya maneno hayo yote na kuyaweka mahali pamoja. "Mmemleta bibi yule ndani ya boma langu," alimwambia mama. "Na huyo mwingine aliye tumboni, akiwa kijana, atabeba jina la mzee wangu. Mnataka mzee wangu naye alale matopeni akijiziba masikio?" Siku hizo hapakuwa na mtu aliyejua neno usonji. Palikuwa na jina tu, na ukoo wa kulaumiwa.

Hofu yangu ilikuwa nyingine, na sikumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikihesabu. Nilihesabu nguzo za ua kutoka nyumbani hadi shuleni, na nikikosea nilirudi ya kwanza. Sweta niliivaa ndani nje kwa sababu mishono yake iliniuma kama siafu. Macho ya watu yalinichoma, kwa hiyo nilikuwa nimejifunza kutazama nyusi, na mwalimu hakutambua. Nilipomwona Wairimu akipanga maharagwe yake, vidole vyangu vilitaka kwenda kumsaidia, nikaviweka chini ya makalio na kuvikalia. Nilidhani ugonjwa wake ni mche, na kwamba ndani yangu mche huo unaota taratibu zaidi. Nilidhani siku moja nitaamka nimenyang'anywa maneno. Kila asubuhi, kabla ya kufungua macho, nilitaja jina langu na siku zote za juma kimoyomoyo, kuona kama bado yapo. Halafu nilisogea ukutani, nisigusane na mdogo wangu, kisha nikaona aibu, nikarudi karibu naye.

Jumapili moja mwishoni mwa Novemba, baada ya kanisa, Cucu alikuja na wanawake wawili na wakaketi sebuleni bila kuvua skafu. Walikuwa wameamua. Kuanzia siku hiyo mtoto ataitwa Wangechi, jina la dada yake baba, mwanamke mwenye duka na mdomo. Hakuna atakayetamka Wairimu bomani. Jina jipya lisiposhika kufikia Krismasi, mtoto atapelekwa kwa mama mmoja wa maombi ng'ambo ya mto, ambaye sote tulijua anavyofanya. Alikuwa akifungia watoto chumbani siku tatu bila chakula. Baba alitazama mikono yake. "Ni jina tu, Mama Nyambura," alimwambia mama walipobaki wawili. "Si kwamba tumemkata kidole." Wiki tatu tuliita Wangechi asubuhi, mchana na jioni, na mdogo wangu alikaa pale pale mlangoni, akivuma, kama mtu anayesikia jirani akiita watoto wake. Neno lake moja tulikuwa tumemnyang'anya sisi wenyewe. Nilihesabu siku zilizobaki na Krismasi haikuacha kuja.

Kisha ikaja siku ya kupeleka kahawa kiwandani. Kabla ya kupima, kila familia humwaga kahawa yake juu ya magunia na kuchambua, mbivu huku, mbichi na zilizougua kule. Wairimu alichambua kuliko watu wazima wanne, bila kukosea hata punje, na mwanamke mmoja akasema, "Ati huyu ndiye mgonjwa? Nipeni mimi huyo mgonjwa wenu." Watu wakacheka, na mama akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hapo ndipo walipowasha mashine ya kukoboa. Ilinguruma, ardhi ikatetemeka, na nilipogeuka mdogo wangu hakuwepo.

Pale kiwandani palikuwa na matangi marefu ya kuchachushia, yenye kina cha kumzidi mtu mzima, na mifereji iendayo kasi, na chini yake mto. Watu waliacha magunia yao. Walitawanyika wakiita, "Wangechi! Wangechi!" na kila nilipolisikia jina hilo nilijua kwamba wanamwita mtu asiyekuwepo. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya tangi akiingiza ufito majini. Sikuweza kuutazama ufito ule. Nilifumba macho na kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiruhusu: ningekuwa mimi, ningekwenda wapi? Ningekwenda mbali na sauti. Ningefuata kitu kilichonyooka. Nilifumbua macho nikaona meza za kuanikia kahawa, zimepangwa safu baada ya safu kuteremka mlimani, nikaanza kutembea nikizihesabu, bila kuficha midomo. Chini ya meza ya mwisho kabisa nilimwona amelala kifudifudi, viganja masikioni. Nilichutama. "Wairimu," nilisema polepole. Alitoka akaja.

Cucu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amenifuata.

"Ulijuaje?" aliuliza.

Nilikuwa nimechoka na hofu ya miaka mingi kwa mwili mdogo kama ule. "Mimi pia huhesabu, Cucu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Na mishono huniuma. Na macho." Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mama alikuwa amefika, mikono yake ikitiririka maji. Sikukusudia kumshinda mtu kwa maneno. Niliuliza kwa sababu niliogopa jibu. "Na mimi jina langu ni lako. Mtanipa lingine?"

Yule mwanamke aliyechekesha watu akamwambia Cucu kwa upole, "Nyambura, si hata wewe hupanga kuni zako kwa urefu? Mwaka ule ulirudi kutoka Nyeri mjini kwa miguu ati kuna moja umeiacha imepinda." Wengine wakacheka tena. Cucu hakucheka. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba yeye pia hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akitazama nyusi zangu.

Ningependa kuandika kwamba hapo aliona kosa lake. Aliogopa tu, kuliko mimi. Jioni hiyo alimwambia baba kwamba asingoje Krismasi, kesho kutwa awapeleke wote wawili ng'ambo ya mto, Wairimu na mimi, na baba alisimama mlangoni akitazama kahawa, midomo ikicheza, nami nikajua kwamba anahesabu safu. Mama alisikia yote akiwa jikoni. Kesho yake tukaondoka kwenye ukungu. Hatukwenda Kangema, kwa sababu mama yake hakuwepo tena na kaka zake wangeturudisha wiki hiyo hiyo. Tulipanda pikapu ya maziwa mpaka Karatina, na kutoka hapo mwenye lori la kabeji akatuchukua, nami nilihesabu madaraja yote mpaka Murang'a.

Miaka mingi baadaye, nikiwa msafishaji katika hospitali moja, nilimuuliza daktari wa watoto maswali mengi mpaka akaweka chai yake chini. Aliniambia kwamba usonji kweli hutembea ndani ya familia. Haubebwi na jina wala hauletwi na malezi. Huletwa na chembe nyingi ndogo za urithi, nyingine kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mtu mmoja anaweza kuwa na kiasi cha kuhesabu nguzo na kuishi zake, na ndugu yake akapata kiasi cha kumnyima maneno, na hakuna awezaye kusema mapema ni yupi. Nilicheka, nikalia kidogo. Watu wangu walikuwa wameona vizuri, walikosea tu kutafuta upande mmoja. Baba alipotufuata Murang'a baada ya siku tisa, kusema kwamba Cucu anataka turudi, na kila mtu arudi na jina lake, alikuwa akipanga vifuniko vya soda mezani kwa rangi zake, bila kujua, na mama alimtazama kwa muda mrefu. Mtoto alizaliwa mvulana, akapewa jina la babu, akasema mapema na hajanyamaza mpaka leo. Sasa mtoto wake ana miaka mitatu na hatamki neno. Mkewe alinipigia simu mwezi uliopita, kwa sauti ya chini, kuniuliza hali hiyo ni ya upande gani. Nilimwambia ni ya kwetu sote na si kosa la mtu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya wakati ule na huu, na si ndogo: mtoto huyo atakwenda kliniki na ataitwa kwa jina lake. Lakini hofu yenyewe niliitambua katika pumzi zake. Mimi sikuzaa. Watu wakiniuliza huwaambia ni kwa ajili ya safari.

Siku ile ya kukimbia, Murang'a tulifika mchana, jua likiwa kali. Mama aliona nyumba yenye kibao cha vyumba vya kulala akaingia. Mwenye nyumba, mwanamke mnene aliyekuwa akimenya ndizi, alifungua daftari la wageni. "Mama uko na watoto wawili na nusu," alisema akitazama tumbo. "Hao wa nje wanaitwa nani?" Kalamu ilingoja. Njia nzima mama alikuwa amemwita mdogo wangu "mtoto" tu, kana kwamba Cucu angesikia kutoka milimani. Mdogo wangu alikuwa ameelekea ukutani, akifuata kwa kidole mstari wa rangi. Nilianza kutaja siku za juma. Nilifika Alhamisi.

"Huyu ni Nyambura," mama alisema. "Na huyu ni Wairimu."

Kidole kiliacha ukuta. Mdogo wangu aligeuka, akaja, akasimama kando ya mama. "Mamangu pia ni Wairimu," mwenye nyumba alisema akiandika, "na hajawahi kumwitikia mtu haraka hivyo," kisha akatupatia ufunguo wa chumba cha nne. Na mpaka leo, nikifika mji nisioujua na kuulizwa jina mbele ya daftari, hulitaja kwanza kimoyomoyo, kuona kama bado lipo, ndipo ninapolitamka.