Mwiko Ndani ya Gitaa

Siku niliyoliharibu gitaa la bendi yetu pale Chala bado naikumbuka, mwanangu. Leo ulipoingia na drili ukasema, "Shikamoo mzee, nataka kulitoboa gitaa ulilonipa nifunge maiki ndani," nilicheka. Usidhani nilikucheka wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Gitaa letu lilikuwa moja tu, mali ya Mzee Didas, mwalimu wetu. Zilibaki siku mbili tukapige kwenye harusi ya dada yangu Skola, na mlio ulikuwa umefifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Nikaona mbao ni nene mno. Nikapitisha kisu kwenye tundu, nikakwangua vifito vya ndani vinavyoshikilia uso wa gitaa. Nilikwangua kwa moyo wote! Nilipokaza nyuzi, uso ukabonyea.

Nikalipeleka kwa Mzee Didas. Niliogopa Skola ataolewa bila muziki kwa sababu yangu. Mzee hakugomba. Alipitisha kidole kwenye uzi, akakinusa.

"Jana mlikula nini?"

"Migebuka, mzee. Ililetwa kutoka Kipili."

"Mkanawa?"

Nikaificha mikono nyuma. Wiki nzima tulikuwa tukila samaki wa kukaanga na kushika gitaa papo hapo, na nyuzi zilijaa mafuta.

"Basi umeitesa mbao kwa kosa la samaki," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Alizivua nyuzi, akazichemsha kwa sabuni. Kisha akachukua mwiko wa ugali wa mkewe, akaukata mpini ili ausimamishe ndani ya gitaa, uinue uso uliobonyea. Mkewe alifoka kweli kweli! Mzee akaendelea kukata kidogo, anapiga, anasikiliza, anakata tena. Mwishowe ukatoka mlio mkavu, mkali, ambao Chala hatukuwahi kuusikia. Skola alicheza mpaka shela ikamdondoka, nami nikalia kwa furaha mbele za watu, bila aibu.

Kipande kile cha mwiko hakijatolewa, hata Mzee Didas aliponiachia gitaa. Ingiza kidole kwenye tundu la gitaa ulilopakata, utakigusa.

Kwa hiyo sikukatazi kutoboa, mwanangu. Gitaa ni chombo cha kazi, si sanamu ya kanisani. Ila ujue kwanza mlio unaoutaka, na ukague nyuzi kabla hujailaumu mbao. Ukibadilisha kitu, kiwe kimoja, upige na usikilize ndipo ushike kingine. Ukikosea, usifiche kosa, lipeleke kwa mwenye kujua mkacheke pamoja.

Mungu akupe sikio zuri na mikono yenye subira, na siku ya harusi yako gitaa hili lisikike mpaka Kipili. Haya, leta hiyo drili tuanze. Lakini kanawe kwanza.