Bresi ya Mume Wangu

Mume wangu alinunua silaha yake mwaka mmoja baada ya maduka ya mtaa wetu kuungua wakati wa ghasia. Wiki ile ya moto, wanaume wa jengo letu hapa Saint Paul, Marekani, walikaa mlangoni kwa zamu, naye akakaa nao, ameshika rungu la besiboli. Aliporudi juu aliniambia hawezi kuliinua kupita kifua. Hakuwa analalamika. Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba lifti imeharibika.

Mkono wake wa kulia ulivunjwa na risasi akiwa na miaka kumi na mmoja, kijijini kwao Kivu, wakati familia yake inakimbia. Uliungwa na mtu asiye daktari, na kiwiko hakijanyooka tena tangu siku hiyo. Kule Bloomington, kwenye hoteli anakofanya kazi ya ufundi, amejifunza kukaza bomba kwa kushoto na kuegemeza kwa kulia. Wenzake wengi hawajui.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja kusoma, nikabaki, nikapata kazi katika ofisi ya serikali ya jimbo. Nyumbani bunduki niliiona kwa mlinzi wa benki tu, na hata yeye nilikuwa nampita upesi. Kwa hiyo siku alipoweka kile kitu juu ya kitanda chetu nilirudi nyuma hadi ukutani. Kwenye karatasi iliandikwa bastola, lakini ilikuwa na sura ya bunduki ya askari iliyokatwa mtutu. Nyuma yake, pale ambapo kitako kingekuwa, palikuwa na kipande cha plastiki na mpira chenye mkanda. Wauzaji wanakiita bresi. Unapitisha mkono katikati, unafunga mkanda, na uzito wa silaha unabebwa na mkono mzima badala ya kiganja.

Alinionyesha. Alifunga mkanda, akanyoosha mkono kadiri ulivyokubali, na silaha ikatulia.

"Unaona, sheri?" akasema, akiniita mpenzi kwa Kifaransa cha kwao. "Haitikisiki."

Nilikubali ikae kwenye sanduku la chuma lenye namba, juu kabatini, mbali na binti yetu. Sikukubali kwa kuipenda. Nilikubali kwa sababu nilijua hofu yake ilikotoka, na sikuwa na haki ya kumwambia iishe.

Asubuhi moja ya baridi kali nikiwa kwenye treni kwenda kazini, akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anapumua haraka. "Sheri, wanasema silaha yangu si bastola tena. Imekuwa bunduki."

Nilisikiliza mara tatu ndipo nikaelewa. Serikali ya shirikisho ilikuwa imetoa kanuni mpya. Bastola yenye bresi ambayo mtu anaweza kuiegemeza begani ingehesabiwa kuwa bunduki ya mtutu mfupi, na bunduki ya aina hiyo bila usajili maalumu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka kumi. Wenye nazo walipewa mpaka mwisho wa Mei: waisajili, au waondoe bresi, au waweke mtutu mrefu, au waisalimishe, au waiharibu.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kuudhi tu. Kwetu sisi lilikuwa zaidi ya hapo. Mume wangu alikuwa ameshaomba uraia, alama za vidole zimechukuliwa, tunasubiri barua ya usaili. Mwenye grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, akipatikana na kosa la silaha anaweza kurudishwa alikotoka. Na alikotoka ni kule kule risasi ilikompata.

Kuanzia siku hiyo nyumba haikutulia. Nilikuwa napika huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, nasoma habari za kesi. Jaji huyu amesimamisha kanuni, lakini kwa wale tu walioshtaki. Mahakama nyingine imekataa kuisimamisha. Kila niliposhika jambo, kesho yake lilikuwa limegeuka. Binti yetu alikuwa na miaka saba. Nikamuuliza kwa Kiswahili amefanya nini shuleni, akanijibu kwa Kiingereza kwamba nimeshamuuliza mara mbili.

Tulikwenda kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na mtaa wa Cedar-Riverside, yule yule aliyetujazia fomu za uraia. Mume wangu alivua koti, akakunja mkono wa shati, akaweka kiwiko juu ya meza.

"Nilisoma," akasema. "Kanuni inasema bresi ya mtu mlemavu haina shida. Mimi ndiye huyo mlemavu. Tuandikie hivyo, mambo yaishe."

Wakili aliutazama ule mkono kwa heshima, bila haraka. Kisha akasema, "Tatizo ni kwamba hawatazami mkono wako. Wanatazama kifaa. Upana wake nyuma, urefu wake, jinsi kilivyotangazwa dukani. Bresi ile ile uliyonayo wewe, kijana mwenye mikono miwili mizima anaiweka begani na kufyatua. Hilo ndilo wanalobishania mahakamani."

"Basi nisajili."

"Unaweza. Inaruhusiwa. Utapiga picha ya silaha, utatuma alama za vidole, utasubiri. Inawezekana kabisa pasitokee lolote." Akafunga kalamu yake. "Lakini wakati huo huo faili lako la uraia liko mezani kwa ofisa mwingine. Mimi nisingependa awe na swali hata moja la ziada."

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" nikauliza mimi.

"Ningeitoa bresi, niikate isiweze kurudishwa, nipige picha, nilale."

Kwenye gari mume wangu hakuwasha injini. "Avoka huyu ni mzuri," akasema mwishowe, akimaanisha wakili. "Lakini umesikia? Yule mwenye mikono mizima ndiye aliyeharibu. Mimi ndiye ninayekata."

"Tuipeleke tu polisi," nikasema. "Yote. Tusahau."

"Hapana."

"Kwa nini hapana? Unaihitaji ya nini?"

"Wewe hujawahi kulala chini ya kitanda," akanijibu, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akawasha injini.

Aprili ikapita, Mei ikaanza. Aliacha kwenda uwanja wa shabaha, akihofia kusimamishwa njiani na polisi na silaha ikiwa ndani ya buti la gari. Gari la polisi likitokea nyuma yetu, hata kama tumetoka kanisani, mikono yake ilikaza usukani. Mimi nilianza tabia ya kukagua sanduku. Nilikuwa napanda kiti, naligusa, nashuka. Nilijua halijasogea. Nilipanda hata hivyo.

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka dukani nikasikia msumeno. Alikuwa jikoni, ametandika gazeti mezani, bresi ameibana kati ya magoti na mkono wa kulia, anakata kwa wa kushoto. Plastiki ilikuwa ngumu. Msumeno ulikuwa unateleza, anaurudisha, unateleza tena. Nikasogea nikaishika ile bresi ili isihame. Hakunitazama, lakini alikata vizuri zaidi. Tulitoa vipande vinne. Nilivipiga picha pamoja na silaha iliyobaki bila kitu nyuma, na nikamtumia wakili.

"Umefanya vyema," nikamwambia.

"Nimefanya ulichotaka," akasema, akakunja gazeti na unga wa plastiki ndani yake.

Usaili wake ulikuja kiangazi. Mimi nilisubiri nje kwenye viti, nikihesabu vigae vya dari, kwa sababu ndani aliingia na wakili tu. Walipotoka alikuwa na jasho mgongoni, ingawa jengo zima lilikuwa na baridi ya viyoyozi. Alinisimulia kwenye maegesho. Ofisa alimuuliza maswali ya historia, akayajibu. Akamuuliza kama amewahi kuwa kwenye kundi la wapiganaji, akasema hapana. Kisha akamuuliza kama amewahi kupata mafunzo ya silaha.

"Nikasema ndiyo."

"Ukasema nini?"

"Si ni kweli? Akaacha kuandika. Akauliza, wapi? Nikamwambia, hapa hapa Minnesota, darasa la kibali cha kubeba silaha, saa nne nzima na pizza." Hapo akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baridi. "Akauliza kama bado ninayo silaha. Nikamwambia ninayo bastola moja, haina bresi, nimekata. Akasema, vizuri. Akaendelea na swali lingine."

Aliapa kiapo mwezi uliofuata, akiwa kwenye suti ya harusi yetu. Alipoambiwa ainue mkono wa kulia aliuinua mpaka ulipofikia, chini ya bega, na hakuna aliyesema neno.

Mwaka uliofuata jaji mmoja wa Texas akaifuta kanuni nzima. Nilidhani atafurahi. Alisoma habari hiyo kwenye simu, akiwa amesimama mbele ya sinki.

"Kwa hiyo haikuwa kosa," akasema. "Siku ile ninakata, haikuwa kosa."

"Hatukujua."

"Ulinilazimisha."

"Nilikuomba."

"Ni kitu kimoja," akasema, kisha akaweka simu chini na kuongeza, "Hapana. Si kitu kimoja. Nisamehe."

Akaagiza bresi nyingine. Nilitamani kumwambia asiagize. Nilitamani pia kumwambia kwamba serikali inaweza kubadili mawazo tena, kwamba wanasheria wengine bado wanavutana, kwamba kipande hiki nacho tutakikata siku moja. Lakini nilikuwa nimechoka kumtangulizia hofu zangu ilhali ana zake.

Kifurushi kilipofika nilikiweka mezani mbele yake na nikasema nina sharti moja. "Kama silaha hii itaendelea kukaa nyumbani kwangu, nifundishe kuitoa risasi. Sitaki kuipiga. Nataka kujua iko tupu bila kukuuliza."

Binti yetu alikuwa shuleni. Akalishusha sanduku, akafungua, akasimama nyuma yangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza, nzito na baridi kama kitu cha friji. "Kwanza chomoa magazini, hiki kikasha cha risasi," akasema. "Sasa vuta hapa. Tazama ndani. Ingiza kidole cha mwisho. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Tena."

Nikarudia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikilia kiwiko changu, si kwa nguvu, na mimi nilikuwa bado natazama ndani.