Swichi Kubwa ya Mwalimu

Sijamsamehe, na sina mpango huo. Alinifundisha chuo, kisha akaniajiri kwenye kampuni yake ndogo ya kubuni chipu, ghorofa ya pili, Kinondoni. Miaka mitatu nilimpa shikamoo kila asubuhi kabla hata sijaweka mkoba chini.

Kazi yangu ilikuwa oseleta, sehemu ya chipu inayopiga mapigo ili sehemu nyingine zifuate. Mapigo hayo tunayarekebisha kwa namba: swichi ndogo zinaingiza na kutoa kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, na mapigo yanapungua au kuongezeka kasi. Yakiyumba, tunasema oseleta ina kelele, na redio inayoitegemea haina maana.

Fikiria mizani ya mawe ya bucha pale Vingunguti. Una jiwe la kilo moja, la mbili, la nne na la nane. Kutoka saba kwenda nane lazima uondoe yote matatu uweke lile kubwa, na kubwa likiwa limepunjwa, mizani inaruka. Kapasita zangu mimi nilizichora kama mawe kumi na tano ya kilo moja moja. Ukitaka nane, unaongeza moja tu.

Mwalimu aliyafuta siku wateja walipokuja kuidhinisha mchoro.

"Unajaza chipu makorokoro," alisema mbele yao. "Weka manne, basi. Kubwa lichore kipande kimoja, tuokoe nafasi."

Nilijua anakosea. Lakini kwetu humkosoi mwalimu wako mbele ya wageni. Unangoja waondoke, unamfuata ofisini, unaanza na "samahani, mwalimu." Nikangoja. Walipoondoka, mchoro ulikuwa umeshasainiwa na kutumwa kiwandani ng'ambo. Upumbavu huo ni wangu na naubeba mwenyewe.

Miezi ikapita, chipu zikarudi. Nikapima. Namba nyingine zote zilitulia, ila kati ya saba na nane mapigo yaliruka, yakarudi, yakaruka tena. Nilikaa nikiitazama ile skrini kwa hasira mpaka chai ikapoa.

Wateja walirudi wamenuna. Mmoja akasema waziwazi kwamba aliyekosea asiguse chipu ya pili. Mwalimu hakupepesa jicho.

"Huyu binti bado anajifunza," alisema. "Nilimwamini mno."

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kwenye kompyuta, mbele yangu kabisa. Kuufungua kungechukua sekunde chache. Wageni wakanitazama, nami nikatazama meza. Adabu yangu ikanifunga mdomo mara ya pili, na jioni ile nikabeba vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki.

Mwaka uliofuata, mwenzangu niliyemwacha pale aliniambia chipu ya pili imetulia kabisa. Ina mawe kumi na tano yaliyo sawa. Mwalimu anayaita ubunifu wake.

Juzi nilikutana naye msibani Segerea, chini ya turubai. Mama yangu ndiye aliyemwona kwanza, akanivuta mkono kwa furaha mpaka mbele yake. Mzee akatabasamu, akangoja shikamoo yake. Watu waliokuwa karibu wakageuka kusikiliza salamu.

"Habari za leo," nikasema.

Mama akanifinya. "We mtoto! Huyu si mwalimu wako? Msalimie vizuri."

"Nimeshamsalimia, mama."

Tabasamu likamtoka. Akatazama kulia na kushoto kuona nani amesikia, na wote walikuwa wamesikia.

"Nzuri," akajibu, mbele ya wageni.