Mwanamke Aliyezikwa na Upanga

Mwaka wangu wa tatu Doha, kampuni ya ulinzi ilinitoa kwenye geti la hoteli moja mtaa wa Al Sadd ikanipeleka kulinda maonyesho ya dhahabu. Ilikuwa mali ya Wasarmati, wafugaji wa farasi waliotawala nyika za mbali kaskazini miaka kama elfu mbili iliyopita. Wakubwa wao walizikwa chini ya vilima vya udongo pamoja na vitu vyao.

Chumba changu kilikuwa cha mwanamke mmoja: mkufu mzito wenye vichwa vya wanyama, upanga, na mamia ya vipande vya dhahabu vyembamba kama kucha. Vazi lililovibeba lilioza zamani. Vilipangwa juu ya kitambaa cheusi kufuata umbo lake, mabegani hadi miguuni. Kutwa nzima nilisimama kando ya mtu asiyekuwepo.

Mtaalamu aliyekuja navyo, mama wa makamo aliyezaliwa karibu na kilima chenyewe, alivikagua kila asubuhi kwa tochi. Nilimuuliza mifupa iko wapi.

"Kwenye boksi, stoo ya chuo," alisema. "Wazee wa kijiji walitukataza kuchimba. Mimi ndiye niliyewabembeleza."

"Na sasa wanasemaje?"

"Mama yangu hanisemeshi tena." Akazima tochi. "Tulikuta shimo la wezi wa kale ubavuni mwa kilima. Mwizi mwenyewe alikuwa humo bado, amefukiwa. Alibakiza hatua mbili amfikie."

Wiki hiyohiyo ndugu yangu alinipigia kutoka nyumbani. Barabara mpya ilipita shambani kwetu, na kaburi la baba lilikuwa njiani.

"Wanamhamisha Jumatatu."

"Waambie waningoje."

"Hawangoji mtu."

Msimamizi alininyima ruhusa mpaka maonyesho yaishe. Jumatatu saa tano asubuhi simu ilitetema mfukoni. Hatukuruhusiwa kupokea kazini, nikapokea.

"Tumemtoa," ndugu yangu alisema. "Saa yake haipo."

Mimi ndiye niliyemvalisha baba ile saa kabla jeneza halijafungwa.

"Labda imeoza."

"Ubao wa ubavuni mwa jeneza umekatwa kwa msumeno. Si leo wala jana."

"Nani alijua anayo?"

"Sisi wawili. Na baba mdogo."

Mtaalamu alikuwa mlangoni. Aliiona simu, akaniangalia usoni, akaondoka bila kunishtaki.

Miezi mitatu baadaye nilienda nyumbani. Baba mdogo ndiye aliyetangulia kunipokea. "Pole, mwanangu," alisema, akaushika mkono wangu kwa muda mrefu. Nilitazama kifundo cha mkono wake kabla ya kumtazama usoni. Hakikuwa na kitu. Naye aliona nilikotazama.

Hatukumuuliza kamwe, mpaka akafariki. Saa haikuwa miongoni mwa vitu vyake, na waliojua habari zake tulibaki wawili. Tulimzika na nguo zake tu. Watu walipoenda kula, mimi na ndugu yangu tulibaki pale kaburini, kila mmoja akimngoja mwenzake aondoke kwanza.