Karatasi ya Kiondo cha Mama

Nilipokuwa mtoto kule Kivaa, kisulisuli kilipewa njia kuliko hata gari la chifu. Kikianza kuzunguka shambani saa sita mchana, mtu mzima na akili zake anasimama kando, anashika watoto, anangoja kipite. Ndani yake, tuliambiwa, hutembea aimu, roho za waliokufa, wakitafuta vitu vyao. Wenzangu walikiogopa tu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikiogopa na pia nilikitamani.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliacha kiondo alichokuwa amekifikisha nusu, cha makonge meupe na uzi wa zambarau, na Susu, nyanya yangu, akakitundika juu kwenye boriti. Kwa imani yake, kazi ya marehemu haimaliziwi na mkono mwingine wala haitupwi, na maadamu iko nyumbani, mwenyewe hatajwi. Ukimtaja atakuja kuichukua, na akija anaweza kuondoka na mtoto wake pia. Kwa hivyo nilikua bila kusikia lolote kumhusu mama. Picha hatukuwa nayo. Nikiuliza, "Susu, mama alikuwa na pua gani?" Susu anachukua jembe na kwenda zake, hata kama ndio kwanza ametoka shamba.

Katikati ya miaka ya tisini Anti Mwende, mdogo wake mama, alirudi kutoka Machakos mjini. Huko kikundi cha akina mama kilikuwa kimemfundisha kutengeneza karatasi kwa mikono, za kuchorea na za kadi. Nikamganda. Tulikatakata mabaki ya makonge, tukayachemsha kwa maji ya majivu hadi yakalegea, tukayasuuza, tukayatwanga kwenye kinu yakawa kama uji. Uji ule unaumwaga kwenye karai la maji, unazamisha fremu ya mbao iliyowambwa chandarua kikuukuu, halafu unainua. Hapo ndipo penye kazi. Karatasi zangu za kwanza zilikuwa chapati za mlevi.

"Usivute," Anti alinicheka. "Nyanyua pole pole. Wacha maji iende yenyewe."

Siku kazi iliponikubali, nilitoa utando mwembamba ambao jua lilipita ndani yake, nikaukodolea macho mpaka nikasahau kula. Nikamwambia Anti nataka kumchora mama. Anti akatazama juu kwenye boriti. Panya walikuwa wameshakila kiondo upande mmoja.

"Mama, hii itaisha yote," alimwambia Susu. "Hatumalizi kazi yake. Tunageuza tu, mtoto apate mahali pa kumchora."

"Uko na wazimu? Unataka nipoteze na huyu?"

Susu alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kimya chake chote kilikuwa hofu, na aliyehofiwa kupotea ni mimi. Alitununia siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akapanda kwenye kigoda, akakiteremsha kiondo mwenyewe, akampa Anti.

Kilitoa karatasi moja tu, na nyuzi za zambarau zimelala ndani yake. Tukaibandika juu ya kipande cha bati uani ikauke. Kuku walikuwa wamejikunyata kivulini, dunia imenyamaza. Nilikaa kando nusu nimelala, nikiiona ikibadilika rangi kuanzia pembeni, halafu ikianza kujibandua.

Kisulisuli kilitokea upande wa shamba la mbaazi.

"Ndinda! Toka hapo!" Susu alinipigia kelele.

Karatasi ikainuka. Nikakimbia, nikaingia ndani ya vumbi.

Mlikuwa na joto mle, na wekundu unaozunguka, na katikati yake palikuwa pametulia kabisa. Sikumwona mtu. Nilikuwa nimeishika karatasi kwa pembe, nayo inavutwa, lakini si kwa nguvu, kama mtu anayeomba chake kwa adabu. Niliitaka karatasi ile kuliko kitu chochote.

"Chukua, mama," nikasema, nikafungua vidole.

Vumbi lilipotua, Susu alikuwa ameshanifikia, ananipapasa kichwa, mikono, mgongo, kama anayehakikisha niko mzima.

"Imekunyang'anya?"

"Hapana, Susu. Nimempa."

"Woi, mwana wakwa." Aliketi pale pale chini akalia kwa sauti. Anti alitaka kumwinua, akamsukuma. Alipomaliza akanishika pua kwa vidole viwili. "Ni hii. Alikuwa na hii pua hii. Na mdomo! Mumbua wangu, huyo msichana alikuwa anaongea mpaka maziwa inachemka inamwagika, na yeye hajaona!" Mumbua. Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la mama kutoka kinywani mwa Susu. Alinisimulia mpaka jioni, anacheka, anafuta macho, anaanza tena, na mimi nikimsikiliza kana kwamba naota.

Leo mimi ndiye ninayefundisha watu kutengeneza karatasi. Najua hewa ya moto hupanda na vumbi, na kwamba karatasi kavu juu ya bati haina uzito wa kushindana na upepo. Sibishani na anayeniambia hivyo. Lakini kwa miaka yote ile Susu alikuwa akingoja binti yake aje achukue vyote viwili, kiondo na mtoto. Akaja mchana kweupe, sote tukitazama, akachukua kazi yake, akaniacha mimi.