Siku Ukingo Ulipomeguka Nyuma ya Nyumba Yetu

Harufu ya udongo mwekundu uliochimbuliwa sasa hivi bado inanitoa nyumbani mbio. Juzi jirani alikuwa anachimba msingi wa ukuta, nikajikuta nimesimama nje ya geti na mwiko mkononi, mboga inaungua jikoni. Ngoja niwaambie woga huo unatoka wapi.

Tulikaa Kibamba, mgongoni kabisa mwa kilima. Mbele ya nyumba palikuwa na njia ya vumbi. Nyuma, hatua kama kumi kutoka dirisha la Bibi, ardhi ilikatika ghafla na kushuka hadi korongoni, ambako wachimba mchanga waliumega ukingo kidogo kidogo kila kiangazi. Juu ya ukingo huo tulikuwa na banda la kuku. Mama aliuza nyanya sokoni Mabibo, akiondoka kabla ya alfajiri. Mie nilikuwa na miaka kumi, na nikirudi shule kazi yangu ilikuwa Bibi: kumlisha uji, kumgeuza, kumfuta miguu. Alikuwa mama yake Mama, Mzaramo wa Kisarawe, mwenye ulimi mkali na redio sikioni. Kiharusi kilimchukua upande mzima wa kushoto, lakini matangazo ya vifo hakuna aliyeyajua kumzidi.

Alasiri hiyo nilikaa kitandani kwake na bakuli la uji. Kwanza nilisikia mngurumo, nikadhani lori la mchanga limekosea njia linapanda kwetu. Halafu uji ukaanza kucheza ndani ya bakuli. Halafu sakafu ikavutwa, kama mtu anavyovuta mkeka ulioukalia. Mabati yote yalipiga kelele kwa pamoja na vumbi la saruji likatumwagikia. Bibi akaniita jina, taratibu kabisa, "Zai."

Nilimtazama. Nikatupa bakuli, nikakimbia.

Nje nilikumbatia nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, nayo ilikuwa inatetemeka. Nyuma ya nyumba ikatoka sauti kama gunia kubwa linachanwa, kisha kishindo cha kitu kizito kinachoporomoka, kisha ile harufu. Nilijua kilichoporomoka ni chumba cha Bibi. Nilichohisi ni mkojo wa moto ukiteremka miguuni.

Jirani yetu Baba Neema, mwalimu aliyetoka Upareni, alinishika bega akaniuliza Bibi yuko wapi. Nilionyesha kidole tu. Ardhi ilikuwa haijatulia na mkewe alimsihi asiingie, lakini aliingia. Sijui alikaa humo muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kama muhula wa shule. Alitoka amembeba Bibi mgongoni, kanga imemvuka, nywele zimejaa vumbi. Chumba kilikuwa kimesimama. Banda la kuku ndilo lililokwenda, na ukingo sasa ulikuwa hatua tatu kutoka dirishani.

Majirani wote tulitandika mikeka njiani. Tetemeko likarudi mara mbili, kidogo tu, na kila mara nilirudi kwenye nguzo yangu. Bibi sikumsogelea. Mama alifika jua likielekea kuzama, anahema, kanga kaifunga kiunoni, amekuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Alimshika Bibi uso, akanishika na mie, kisha akauliza nani aliyemtoa Bibi ndani, na mie nilikuwa wapi.

Hapo niliogopa kuliko wakati sakafu ilipovutwa. Baba Neema alifungua mdomo. Bibi akamtangulia.

"Nilimtuma mie," alisema. "Nilimwambia akamwite mwalimu. Kafanya nilivyomwambia."

Baba Neema alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Mama alinikumbatia akaniita shujaa.

Nilidhani ugonjwa umemchanganya Bibi. Tulihamia nyumba ya kupanga ng'ambo ya njia, mbali na korongo, na huko niliishi nikiogopa siku ambayo akili itamrudia. Kila akiniita, nilisimama kwanza mlangoni. Nilimwogesha bila kuambiwa, nikamchambulia samaki miiba, nikamshikia redio hadi mkono ukafa ganzi. Alifariki mwaka uliofuata, hajasema neno.

Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe mgongoni siku nilipomweleza Mama ukweli. Tulikuwa tunachambua mchicha, na hata hakusimamisha mikono. Akasema anajua. Bibi alimweleza jioni ileile na kumwapisha asinigusie. Mama aliposikia alipandwa na hasira, akaanza kutafuta fimbo, na Bibi akamwambia, "Yule ana miguu, mie sina. Ulitaka akae tufe wawili?"

Niliinamia mchicha nisionekane macho. Miezi yote ile nilimwogopa mtu ambaye, peke yake chini ya mabati yale, aliniona naufikia mlango akafurahi.